Kengele sita, mwendo wa aina tatu: mazoezi ya kuanza kupiga kengele kwa kubadilishana

Chukua vizibo vinne vya soda na kalamu ya wino mzito. Kila kizibo kiandike namba, 1 hadi 4, kisha vipange mezani kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Hatua ya kwanza, jozi za pembeni zipishane: 1 na 2 vibadilishane mahali, 3 na 4 vilevile. Utapata 2143. Hatua ya pili, vizibo vya pembeni vikae, viwili vya katikati vipishane: 2413. Halafu jozi za pembeni tena, halafu katikati tena, kwa zamu. Ukiandika kila mpangilio unaoupata, karatasi yako itasomeka hivi:

1234
2143
2413
4231
4321
3412
3142
1324
1234

Hatua nane, na umerudi ulikoanzia. Njiani hakuna mpangilio uliojirudia, na hakuna kizibo kilichoruka zaidi ya nafasi moja kwa wakati mmoja.

Huo ndio msingi wa sanaa iliyoshamiri Uingereza tangu miaka ya 1600, sanaa ya kupiga kengele za kanisa kwa kubadilishana nafasi. Wapigaji husimama duara katika chumba cha kamba ndani ya mnara, kila mmoja na kamba yake na kengele yake. Huanza kwa kengele nyepesi yenye sauti ya juu, wakishuka moja moja hadi nzito yenye sauti ya chini, kisha mpangilio unaanza kubadilika kila mzunguko, na hakuna anayesoma karatasi. Anayesikia kutoka barabarani hutafuta wimbo asiupate. Akiambiwa kwamba kengele saba zina mipangilio 5,040, na kwamba wapo watu wanaoipiga yote kwa mkupuo mmoja kwa takriban saa tatu, anahitimisha kuwa jambo hili ni la wenye vichwa vya hesabu peke yao.

Si kweli. Kazi ya mpigaji mmoja, hata kwenye mnara wa kengele kumi na mbili, ni ya aina tatu tu: kulichelewesha pigo lake kidogo, kulipiga kwa mwendo uleule, au kuliwahisha kidogo. Mazoezi yote mepesi wanayopewa wanaoanza, ya mezani na ya kwenye kamba, yanafundisha hayo matatu kwa njia mbalimbali. Anayelielewa hili mapema hujifunza kwa amani. Asiyelielewa hubeba kichwani misururu ya namba isiyobebeka.

Kwa nini kengele haiwezi kuruka

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu sheria ya nafasi moja haikutungwa na mwanahesabu. Imetokana na uzito wa shaba na bati.

Ubelgiji na Uholanzi kengele za mnarani zimetulia mahali pake na hugongwa kwa ndimi zinazovutwa kwa waya, mpigaji akiwa ameketi mbele ya kinanda, kwa hiyo anaweza kupiga wimbo wowote autakao. Kengele ya Kiingereza imefungwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, na kamba imezungushwa kwenye ukingo wa gurudumu hilo. Kabla ya kupigwa huinuliwa mpaka mdomo wake unatazama juu, na hapo husimama ikizuiwa na mti mmoja tu uliofungwa kwenye nira yake. Ukivuta kamba, kengele inatoka kwenye mizani yake, inaanguka, inapita chini, inapanda upande wa pili mpaka mdomo unatazama juu tena. Imezunguka duara zima, na ulimi wake umegonga mara moja. Ukivuta tena, inarudi ilikotoka na kugonga mara ya pili.

Mtoto aliye kwenye pembea analijua jambo hili mwilini mwake: kule juu kabisa, kabla ya kurudi, kuna kitambo kidogo cha kusita. Kengele nayo inapokaribia kusimama wima husita. Ukiiacha ipande mpaka karibu na mizani, inakawia, na pigo lake linachelewa. Ukiibana kamba mapema isifike juu sana, inageuka upesi na pigo linawahi. Huo ndio uhuru pekee alionao mpigaji, nao ni mdogo. Kengele ya kilo mia kadhaa huwezi kuiambia itoke nafasi ya sita iende ya pili katika mzunguko mmoja. Inaweza kusogea nyuma nafasi moja, kukaa, au kusogea mbele nafasi moja. Basi.

Sasa tuuweke mwendo huo katika hesabu ya kidole. Kengele sita zikipigwa kwa mwendo wa kawaida, mstari mmoja wa mapigo sita huchukua kama sekunde mbili, yaani theluthi ya sekunde kati ya kengele na kengele. Ukibaki nafasi ileile, kutoka pigo lako hadi pigo lako linalofuata ni mapigo 6. Ukisogea nyuma nafasi moja ni 7. Ukisogea mbele nafasi moja ni 5. Saba, sita, tano: pole, sawa, haraka. Mambo mengine yote, pamoja na mitindo, yaani taratibu maalumu za kubadilisha mpangilio, yenye majina ya fahari na vitabu vizima vya michoro, ni njia za kuzipanga namba hizi tatu.

Mazoezi yasiyohitaji mnara

Zoezi la kwanza ni la kuhesabu, na ninalipenda kuliko mengine kwa kuwa linaonyesha mara moja mtu anakwama wapi. Hesabu kwa sauti, kwa mwendo usiobadilika: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Rudia bila kituo. Kwa Kiswahili kazi hii ni rahisi, maana namba zetu kuanzia moja hadi kumi zote zina silabi mbili mbili, kwa hiyo mdomo wenyewe unashika mapigo. Kisha gonga meza kwa kifundo cha kidole kila unapotaja tatu, na tatu peke yake. Hiyo ndiyo kengele inayokaa nafasi ya tatu. Ukishazoea, hamia nne, halafu tano, bila kusimamisha hesabu.

Halafu anza safari. Mistari miwili gonga kwenye moja. Mstari unaofuata gonga kwenye mbili, kisha tatu, nne, tano, sita. Ukifika sita, gonga hapo mara mbili, katika mistari miwili, ndipo urudi: tano, nne, tatu, mbili, moja, na hapo pia mara mbili. Utagundua kwamba njia ya kwenda ina ukunjufu fulani, mkono unasubiri, na njia ya kurudi inakusukuma. Hujabadilisha kasi ya kuhesabu hata kidogo, ila umbali kati ya mapigo yako ndio umegeuka kutoka 7 kuwa 5. Hisia hiyo ya kusubiri na kusukumwa ndiyo mpigaji anayoitafuta kwenye kamba. Safari hii ya kwenda nyuma na kurudi mbele bila kukatizwa ndiyo iliyo kwenye jedwali la vizibo hapo juu. Tazama kizibo namba 1 kinavyoshuka kwa mshazari kutoka kushoto hadi kulia, kinakaa mistari miwili, kisha kinarudi.

Kuna jambo moja dogo la kuongeza hapo, na wanaoanza huliruka. Wapigaji wengi wa Uingereza huacha pigo moja tupu kila baada ya mistari miwili. Mapigo kumi na mawili, kimya cha pigo moja, mapigo kumi na mawili, kimya. Kwa sikio hilo ndilo linaloupa mlio wote pumzi. Kwa hiyo baada ya kuzoea zoezi la kugonga meza, anza kukiweka kimya hicho: hesabu hadi sita mara mbili, kaa kimya kwa pigo moja, endelea. Mkono utakosea pale pale, kwenye kurudi kutoka kimyani, mpaka sikio lizoee.

Zoezi la pili linahitaji watu wanne na sakafu. Wasimame kwa mstari, kila mtu na namba yake. Wahesabu kwa kufuata nafasi walizosimama, kila mmoja akitaja namba yake mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Kisha jozi za pembeni zipishane kwa hatua moja, wataje tena: mbili, moja, nne, tatu. Halafu wa katikati wapishane. Kwa wanakwaya zoezi hili ni zuri sana, kwa sababu sauti inachukua nafasi ya kengele, na ukiwapa kila mtu noti yake, kuanzia ya juu hadi ya chini, mtasikia muziki wenyewe ukijipanga na kujipangua. Mkichanganyikiwa, angalieni miguu. Karibu kila mara kosa ni la mtu aliyesogea wakati alipaswa kukaa, akiwa mwisho wa mstari. Kukaa ni kitendo, na kinajifunzwa kama kitendo kingine chochote.

Zoezi la tatu ni la penseli. Andika jedwali la kengele nne bila kutazama, kisha chora mstari mmoja wa rangi unaopita katika kila namba 3, kutoka juu hadi chini. Wapigaji huukariri mchoro huo na kuziacha namba. Wanajua njia ya kengele yao tu: nakwenda nyuma, nakaa, narudi, nakaa. Mtu anayejaribu kukariri mistari yote ya kengele sita katika mtindo wa kawaida atashindwa, kwa kuwa mistari inafika 720. Mtu anayekariri njia ya kengele moja ana mchoro mfupi unaojirudia, na umbo lake linaingia kichwani kwa jioni moja.

Kwenye kamba

Kushika kamba hakufundishwi kwa maandishi, na hili nalisema kwa uzito. Kengele iliyosimama wima ina nguvu za kumjeruhi mtu. Ikivutwa vibaya, ule mti unaoizuia unaweza kuvunjika, gurudumu likaendelea kuzunguka, kamba ikapanda kwa kasi na kumnyanyua aliyeing'ang'ania. Usiguse kamba mnarani bila mwalimu pembeni. Mwanafunzi wa mwanzo hufundishwa kwanza kuiachia kamba na kurudi nyuma mambo yanapoharibika.

Kamba yenyewe ina sehemu mbili. Juu kidogo ya kimo cha mtu kuna kishungi kinene cha sufi yenye rangi, mara nyingi nyekundu, buluu na nyeupe, ambacho mikono hukidaka. Chini kuna mkia wa kamba uliokunjwa, ambao hauachwi kamwe. Unakaa katika mkono mmoja, kwa wengi wa kushoto, hata ule mwingine unapokwenda kukidaka kishungi. Kwa hiyo kuna mapigo mawili yanayopokezana. Pigo la kishungi: unakivuta kishungi chini kwa mikono yote miwili, unakiachia kikiwa karibu na kiuno, kinapaa na kupotea juu ya kichwa chako, nawe unaufuata mkia kwa mikono iliyonyooshwa. Pigo la mkia: kutoka kule juu unauvuta mkia chini mpaka mikono inapita mapajani, kishungi kinashuka mbele ya uso wako, kinasita, na hapo unakidaka tena.

Mwalimu mzuri hayafundishi yote kwa pamoja. Siku za kwanza yeye mwenyewe anashughulikia kishungi na mwanafunzi anavuta mkia tu. Kisha wanabadilishana. Ulimi wa kengele hufungwa ili majirani wasisikie mapigo mamia ya mtu anayeanza, na siku hizi minara mingi huweka kihisio kwenye gurudumu, kengele inabaki bubu nje na kompyuta inatoa sauti yake ndani ya chumba. Mwanafunzi anaisikia kengele yake tu, na anaweza hata kuwekewa kengele nyingine tano za kompyuta zisizokosea, apige pamoja nazo.

Mikono ikishaunganisha mapigo mawili, huja zoezi linalotenganisha mpigaji na mvutaji. Mwalimu anasema "simamisha", na mwanafunzi anaiacha kengele ipande mpaka kwenye mizani, aishike pale bila kuilaza kwenye mti wake, kwa kitambo, kisha aivute tena. Mara inayofuata anaambiwa "kata", apandishe mikono juu ya mkia ili kamba iwe fupi na kengele igeuke mapema. Simamisha, kata, simamisha, kata. Hapa ndipo saba na tano za mezani zinapogeuka kuwa uzito viganjani. Mtu akiharakishwa kwenda kupiga na wenzake kabla ya zoezi hili kumkaa, atahangaika miezi akidhani tatizo lake ni kumbukumbu, kumbe ni mikono.

Pamoja na wenzako

Kupiga 123456 mfululizo bila badiliko lolote kunaonekana kama kazi ya mtoto. Jaribu. Kengele ni za uzito tofauti, kila moja ina kusita kwake, na pengo kati ya mapigo linapaswa kuwa sawasawa kwa theluthi ya sekunde. Vikundi vyenye uzoefu bado huanza mazoezi hivi, na masikio yao hapo ni makali.

Hatua inayofuata ni mabadiliko ya kuitwa. Kiongozi anatamka jozi moja, kwa mfano "mbili imfuate tatu". Maana yake 2 na 3 wanapishana, na mpangilio mpya, 132456, unarudiwa mpaka aite tena. Wanaoanza hudhani agizo hilo linawahusu wawili tu. Kumbe linawagusa watatu, maana 4, ambayo ilikuwa ikimfuata 3, sasa inamfuata 2. Zoezi la kukaa na karatasi na kuandika, baada ya kila agizo, nani anamfuata nani, ni zoezi zuri sana hata kwa asiyewahi kuona mnara. Jaribu maagizo matatu: mbili imfuate tatu, nne imfuate tano, mbili imfuate tano. Utafika 135246, mpangilio unaopendwa sana na wapigaji kwa jinsi namba witiri zinavyoshuka kwanza, kisha shufwa.

Katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, minara mingi hupiga mabadiliko ya kuitwa tu, na wanafanya mashindano ambayo waamuzi huhesabu kila pigo lililochelewa au kuwahi. Wapo wapigaji wa sehemu nyingine wanaoutazama upigaji huo kama hatua ya watoto. Mimi naona wamekosea. Anayeweza kusimama nusu saa bila pigo moja kupotoka ana ustadi ambao wengi wenye mitindo mirefu kichwani hawana.

Kabla ya safari ndefu ya kwenda nyuma na kurudi, walimu wa siku hizi huweka mazoezi mafupi ya katikati, na hapa ndipo mbinu za kufundisha zimeboreka. La kwanza ni kukwepa. Jozi tatu, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, zinapishana kila mstari: 123456, 214365, 123456, 214365. Kila mtu anapiga pole, haraka, pole, haraka, na wenzake wa kuwatazama ni wachache. La pili ni kupishana na kukaa: unasogea, unakaa mstari mmoja, unarudi, unakaa. Pole, sawa, haraka, sawa. Mtu akiyafanya haya mawili kwa utulivu, tayari anazo hatua zote ambazo mtindo wowote utamdai. Kilichobaki ni kujua zinafuatana vipi.

Halafu kengele tatu za mbele zinaanza safari yao huku tatu za nyuma zikikaa: 123, 213, 231, 321, 312, 132, na kurudi 123. Hapo umepiga mipangilio yote sita ambayo kengele tatu zinaweza kuwa nayo. Safari ni fupi kiasi kwamba kosa halijapata nafasi ya kuota mizizi, na zile tatu za nyuma zinamshika mwanafunzi asipotee. Baadaye safari inaongezwa iwe ya nne, tano, sita.

Ni katika hatua hii ambapo wengi hupata kishawishi cha kukariri nani wa kumfuata. Rudi kwenye jedwali la vizibo. Namba 1 inapotoka mbele inamfuata 2, kisha 4, kisha 3, na ikirudi ni 2, 4, 3 tena. Orodha hiyo ni kweli na inavutia, lakini ukiitegemea utaanguka siku mwenzako atakapokosea, maana utamfuata kwenye kosa lake. Ijue nafasi yako kwanza: sasa niko wa tatu, kwa hiyo kuna kamba mbili za kushuka kabla ya yangu. Ndipo macho yatazame duara lote bila kumkodolea mtu mmoja, na kamba ya pili kushuka ndiyo unayoifuata, awe ni nani mwenye kuivuta. Ustadi huu tunaweza kuuita jicho la kamba. Hauji kwa kulazimishwa. Hujengwa kwa kuketi pembeni wakati wengine wanapiga, ukachagua kamba moja na kunong'ona nafasi yake kila mstari. Nafasi ya mtu aliyeketi na kutazama ni darasa kamili, na inasikitisha kuwa wengi huitumia kwa soga.

Kutoka nane hadi ishirini na nne

Jedwali letu la kengele nne lilituletea mipangilio minane tu, wakati kengele nne zina 24. Kumi na sita zilizobaki zinapatikanaje bila kurudia hata mmoja? Kwa badiliko dogo mahali pamoja. Fika mstari wa 1324, pale namba 1 iliporudi mbele. Kanuni ya awali ilisema katikati wapishane. Safari hii wa mbele wawili wakae, na wa nyuma wawili wapishane: 1342. Kutoka hapo endelea kama kawaida, pembeni, katikati, pembeni, na kila namba 1 inaporudi mbele ufanye badiliko lile lile. Mara ya pili utatoka 1432 kwenda 1423, na mara ya tatu utatoka 1243 kwenda 1234. Umemaliza yote 24.

Mtindo huu unaitwa Plain Bob, na kwa wengi ndio wa kwanza kuupiga. Kwa mpigaji mmoja badiliko lile lina sura mbili. Aliye nafasi ya pili anakaa na kugeuka kurudi mbele. Walio nafasi ya tatu na ya nne wanakwepa: wanarudi hatua moja walikotoka, kisha wanaendelea na safari. Kukwepa na kukaa, yaleyale mazoezi ya katikati. Vichukue vizibo ufanye raundi zote tatu kwa mkono, ukifuata namba 2 peke yake kwa macho. Utaiona ikikwepa huko nyuma ikiwa njiani kurudi, raundi inayofuata ikikwepa ikiwa njiani kwenda, na raundi ya mwisho ikikaa nafasi ya pili. Ukiisha kuona hivyo, umeijua njia ya 3 na 4 pia, kwa sababu ni njia hiyohiyo iliyoanzia mahali tofauti.

Wapigaji wa karne ya 17 walikwishayachunguza mambo haya kwa kina. Kitabu cha kwanza cha sanaa hii kilichapishwa London mwaka 1668, na cha Fabian Stedman, mtu wa kazi ya uchapaji, kikafuata 1677. Walikuwa na njia ya kupita katika mipangilio yote kwa kupishanisha jozi moja tu kila hatua. Miaka ya 1960 wanahesabu Selmer Johnson na Hale Trotter, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha kanuni ileile ya kuzalisha mipangilio, na inafundishwa vyuoni hadi leo.

Kengele zikiongezeka hesabu inapaa. Tano zina 120, sita 720, saba 5,040, nane 40,320. Tarehe 2 Mei 1715 kikundi cha kanisa la St Peter Mancroft, mjini Norwich, kilipiga mipangilio yote 5,040 ya kengele saba bila kurudia. Mwaka 1963, huko Loughborough, wapigaji wanane walimaliza yote 40,320, wakisimama kwa karibu saa kumi na nane bila kupokezana na mtu. Mtindo walioutumia ulikuwa Plain Bob.

Pa kuanzia

Idadi kubwa ya minara iko Uingereza, ila sanaa hii imesafiri. Ipo Marekani, Australia na New Zealand, Afrika Kusini na Zimbabwe, na hata pwani yetu, Kilifi nchini Kenya. Mwaka 2018 Uingereza ilifanya kampeni ya kutafuta wapigaji wapya 1,400, idadi inayokadiriwa kuwa ya wapigaji waliouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi walioitikia hawakuwa wamewahi kugusa kamba. Minara mingi hufundisha bure na humkaribisha mtu wa dini yoyote au asiye na dini. Kwa Mswahili anayeishi London, Bristol au Leeds, kubisha hodi jioni ya mazoezi kunatosha.

Asiye na mnara ana njia mbili. Kengele za mkononi, mbili kwa kila mtu, hupigwa kwa mitindo hiyohiyo mkiwa mmeketi. Ni ngumu zaidi kwa akili, kwani unafuata njia mbili kwa wakati mmoja. Ya pili ni tovuti ya Ringing Room, iliyoanzishwa 2020 wakati UVIKO-19 ulipoifunga minara. Kila mtu anafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, anachagua kengele, na anabonyeza kitufe kuipiga; wenzake wanamsikia popote walipo. Intaneti hukawiza sauti kidogo, kwa hiyo msianze na mengi. Kuweni wanne, mmoja Arusha, mwingine Mombasa, wengine popote. Pigeni 1234 kwa dakika tano mpaka mapengo yawe sawa. Halafu jozi za pembeni zikwepane, mistari ishirini hivi. Halafu safari moja ya hatua nane, na mkipotea msikimbilie mbele kuikoa: rudini 1234, shikeni mwendo, mwanze tena.